Mabaki ya Jirani Yako: Mwongozo wa Ushirikiano kwa Wabunifu wa Kisumu na Magharibi ya Kenya

Mwongozo huu ni wa watu wanaochora kitu kabla hakijatengenezwa: fundi cherehani anayebuni mitindo yake, seremala anayepiga hesabu ya kabati kabla ya kushika msumeno, mpambaji wa nyumba na ofisi, mchapishaji wa mabango na fulana, msusi wa vikapu, mshonaji wa mikoba na viatu vya ngozi. Kisumu inao wengi, na wengi wao wanajali mazingira. Wamechoka kuona vipande vya kitambaa vikichomwa jioni nyuma ya vibanda, na moshi ule kuingia madarasani na vyumbani mwa watu.

Kujali ukiwa peke yako, hata hivyo, hakufiki mbali, na sababu zake zinaeleweka. Kiwanda cha nguo hakitakuwashia mtambo kwa ajili ya mita chache za pamba. Gunia lako moja la vipande kwa wiki halimvutii mnunuzi yeyote, ilhali magunia thelathini yakiwa mahali pamoja yatamleta na pikapu yake mwenyewe. Halafu kuna mteja: ukimweleza kwamba kabati la mbao nzima linalorekebishika litachukua wiki moja zaidi, anavuka barabara na kumpata jirani yako aliye tayari kumpa la mbao za unga na gundi kesho asubuhi. Mambo haya matatu hayatatuliwi na karakana moja hata ikiwa na nia njema kiasi gani. Karakana sita au nane zinaweza, zikibadilishana mabaki, zikinunua pamoja na kusema na mteja kwa sauti moja.

Neno moja kuhusu mahali pa kuanzia. Miongozo mingi ya aina hii iliyoandikwa Ulaya huanza na umeme: badilisha taa, badilisha kampuni ya umeme, pima bili. Kwetu hali ni nyingine. Sehemu kubwa sana ya umeme wa gridi ya Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, kwenye mabwawa na kwenye upepo wa Turkana. Kuzima taa kunasaidia bili, na jenereta ya dizeli ni vyema ikae kimya kadiri iwezekanavyo, lakini mzigo mkubwa wa karakana ya Kisumu au Nakuru kwa mazingira uko kwenye malighafi inayonunuliwa, umbali iliosafiri, na kile kinachobaki sakafuni wakati wa kufagia. Basi huko ndiko tutakakokaa muda mrefu.

Hatua ya kwanza: kusanyeni wachache wa kazi tofauti

Msiite mkutano wa wabunifu wote wa kaunti. Anzeni na biashara tano hadi nane ambazo zinaweza kufikiana kwa mkokoteni au kwa tuktuk ya bei ndogo. Umbali ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu gunia la vipande lenye thamani ya shilingi mia mbili halistahimili nauli ya shilingi mia tatu.

Muhimu zaidi, wawe wa kazi tofauti. Mafundi cherehani wanane wakikutana, wote wana tatizo moja na wote wanawania wateja walewale. Mazungumzo yataishia kwenye bei. Lakini mshonaji akikaa na mtengenezaji wa makochi, mchapishaji wa mabango, seremala na mtu wa ngozi, kila mmoja ana kitu ambacho mwingine hununua. Jaribuni kupata angalau kazi nne tofauti katika kikundi cha kwanza.

Waiteni pia watu wawili ambao kwa kawaida husahauliwa. Mmoja ni fundi anayekata, si mwenye duka peke yake, kwa sababu ndiye anayejua ni kwa nini kitambaa kinaharibika na ni mbao gani hupasuka. Mwingine ni mtu anayeishi kwa kuokota na kuuza taka. Kwa miaka mingi watu wa Kisumu waliopata riziki yao kwenye jaa la Kachok, pale kando ya Uwanja wa Moi, na wale wa Gioto kule Nakuru, wamejua bei ya kila aina ya plastiki na chuma kuliko mbunifu yeyote. Ujuzi huo una thamani na ulipwe.

Jambo la kuepuka katika hatua hii: nembo, tamko na fulana za kikundi. Nimeona vikundi vizuri vikimaliza nguvu zao zote kwenye jina. Hamna cha kutangaza bado.

Hatua ya pili: pimeni kwa mwezi mmoja

Kila karakana inunue au iazime mizani ya kuning'iniza, ipate magunia manne au matano yaliyoandikwa kwa kalamu nzito, na daftari moja. Kwa mwezi mzima hakuna kinachotoka bila kupimwa. Andikeni aina ya mabaki, uzito, kama ni safi au machafu, kilikwenda wapi, na kama mlilipa au mlilipwa. Upande wa pili wa daftari andikeni kilichonunuliwa mwezi huo: mita za kitambaa, mbao, plaiwudi, sponji, rangi, vanishi, gundi. Kutoka kwenye pande hizo mbili mtaona kitu ambacho karakana nyingi hazijawahi kukiona, yaani ni kiasi gani cha pesa ya malighafi hulala sakafuni kila mwezi.

Kutenganisha ndiko kunakoleta kazi. Kwa vitambaa, pamba tupu iwe gunia lake, poliesta lake, na mchanganyiko lake. Mkiwa na shaka, kateni uzi mmoja, mtoke nje, mshike kwa koleo na kuuchoma. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi lisilopondeka kwa vidole. Kitambaa kinachofanya yote mawili kimechanganywa.

Kwa mbao, tenganisheni mbao nzima isiyopakwa kitu, plaiwudi, MDF (zile mbao za unga na gundi), na mbao iliyotiwa dawa au rangi. Hapa naomba msilegeze. MDF imeshikanishwa kwa gundi yenye fomaldehaidi, na vumbi lake ni laini mno kwa mapafu. Vipande vyake havifai jikoni kama kuni, na unga wake haufai kutandikwa chini ya kuku. Gunia moja la maranda safi likiingiwa na koleo moja la unga wa MDF limeharibika lote.

Hatua ya tatu: soko dogo la mabaki

Hii ndiyo hatua inayobeba kikundi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha faida mapema. Chukueni madaftari yote, myafungue juu ya meza moja, na mtafute nani anatupa kile ambacho mwenzake ananunua.

Vipande vya pamba na vya poliesta vilivyokatwakatwa hujaza mito ya mapambo na migongo ya makochi, mahali ambapo sponji ya bei ghali haihitajiki. Vipande vikubwa vya kitenge huenda kwa mtu wa mikoba kama bitana. Vya pamba vilivyo laini ni matambara ya kupakia vanishi, na gereji zitavinunua pia. Tahadhari moja inayookoa karakana: tambara lililolowa mafuta ya kukausha mbao, kama ya kitani, linaweza kujipasha joto lenyewe na kuwaka likikunjwa na kutupwa ndani ya gunia. Litandikwe wazi likauke au liloweshwe majini.

Maranda na unga wa mbao safi vina wateja wengi hapa kwetu, kuanzia wafugaji wa kuku wa Kajulu na Kiboswa hadi wakulima wa uyoga na watengenezaji wa makaa ya kufinyanga. Vipande vifupi vya mbao ngumu huenda kwa mtengenezaji wa vitasa, miguu ya stuli, fremu za picha na vifungo vya nguo. Mabaki ya ngozi hufaa kwa vishikio vya droo; kabati la saiprasi lenye vishikio vya ngozi hupendeza, na hakuna chuma kilichoagizwa kutoka nje.

Mabango ya PVC yanahitaji mazungumzo marefu zaidi. Ni kitambaa cha poliesta kilichofunikwa plastiki pande mbili, na kukitenganisha ni kazi ambayo karakana zetu haziwezi. Kukichoma ni hatari, maana PVC ikiungua hutoa gesi yenye asidi inayowasha macho na kifua, na moshi wake hubeba sumu nyingine zinazokaa mwilini muda mrefu. Kinachowezekana ni kukipa maisha ya pili: mifuko ya mizigo, vifuniko vya pikipiki na mikokoteni, mapazia ya vibanda sokoni, mikoba ya fundi wa umeme. Kisikae karibu na chakula. Na kwa kuwa maisha ya pili nayo huisha, kazi kubwa ya mchapishaji ni kuchapa machache.

Wachapishaji wajiandae mapema kwa jambo hili, kwani uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, utaangukia tarehe 10 Agosti 2027. Kila aliyekuwa Kisumu mwaka 2022 anakumbuka nguzo, kuta na miti ilivyofunikwa, na anakumbuka pia mabango yale yakioza juani miezi mingi baada ya kura kuhesabiwa. Kikundi cha wachapishaji kikikubaliana kuanzia sasa kwamba kila bango la kampeni litauzwa pamoja na huduma ya kulitoa na kulirudisha, gharama ikiwa ndani ya oda, basi Septemba ya mwaka huo washonaji watakuwa na malighafi na mji utakuwa safi. Mchapishaji mmoja akijaribu peke yake atapoteza oda. Ndiyo maana ya kushirikiana.

Kanuni za soko hili ziwe chache na zifuatwe. Kitu kiwe safi na kimetenganishwa, la sivyo hakipokelewi. Picha na uzito vitumwe kwenye kikundi cha WhatsApp. Siku ya kuchukua iwe moja kila wiki. Ambacho hakijachukuliwa kwa wiki mbili mwenyewe anaweza kuuza nje. Na kila kitu kiwe na bei, hata shilingi tano kwa kilo. Najua wengi hupendelea kupeana bure, kwa moyo wa ujirani. Lakini kitu cha bure hutupwa gunia lolote, huku kitu chenye bei kikitunzwa. Yule mwokotaji taka mliyemwita mwanzoni ndiye anayefaa kuzunguka na mkokoteni, kupima na kuandika, akilipwa na wote kwa safari.

Hatua ya nne: nunueni pamoja

Baada ya miezi miwili au mitatu ya kubadilishana mabaki, mmeanza kuaminiana na mna hesabu ya manunuzi ya kila mmoja. Sasa ndipo ununuzi wa pamoja unapowezekana.

Anzeni na kitambaa. Magharibi ya Kenya inalima pamba, Busia, Siaya na Homa Bay zikiwemo, na Eldoret kuna Rivatex, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1976, kikaanguka, kisha kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kufufuliwa. Wenyeji wa Kisumu wanajua vizuri mji hupoteza nini kiwanda cha nguo kinapokufa, maana walikuwa na kiwanda chao, KICOMI. Fundi mmoja hawezi kubisha mlango wa kiwanda. Mafundi sita wanaoshona sare za shule, aproni za hoteli na mapazia ya ofisi wanaweza kuunganisha mahitaji yao ya miezi mitatu, wakachagua rangi tatu badala ya kumi na nane, wakaagiza marobota. Kupunguza rangi ndiko kunakouma, na ndiko kunakofanya oda iwezekane. Kaeni chini mkubaliane.

Kwa mbao, historia ya karibuni ina somo. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ilipanda na mbao za nje zikajaza nafasi, hadi Rais alipotangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo Julai 2023. Katika miaka hiyo wengi walizoea kununua mbao ngumu kama mvule na mahogani bila kuuliza zimekatwa wapi. Kikundi kiwe na swali moja la kudumu kwa kila muuzaji: kibali cha kusafirisha kiko wapi? Huduma ya Misitu ya Kenya hutoa vibali hivyo, na muuzaji halali hataona taabu kukionyesha. Asiye nacho, kikundi kizima hakinunui kwake. Katika sehemu nyingi za kazi, grevilea, mkaratusi na saiprasi kutoka mashamba ya Vihiga, Nandi au Molo zinatosha kabisa, na mkulima aliyepanda anapata sababu ya kupanda tena.

Tatizo la mbao za mashambani ni unyevu. Zinauzwa mbichi, zinatengenezwa kiti wiki ileile, na baada ya miezi mitatu kiti kinafunguka viungo. Kiti hicho ni taka hata kama mti wake ulipandwa kwa upendo. Jengeni banda moja la kukaushia: paa zuri, kuta wazi, mbao zipangwe kwa vijiti katikati ili upepo upite, zisiguse ardhi. Changeni mnunue kipima unyevu kimoja. Kwa fanicha ya ndani msianze kazi mbao ikiwa juu ya asilimia 15, na ikikaribia 12 ni bora zaidi. Itachukua miezi, si wiki, na hapo ndipo faida ya banda la pamoja inapoonekana: karakana moja haina nafasi ya kulaza mbao miezi sita, wala mtaji wa kuzisubiri.

Sasa ziwa. Wabunifu wengi wanapenda kutumia gugu maji na mafunjo, na wanavitaja kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Gugu maji ni mgeni aliyeingia upande wetu wa Ziwa Victoria karibu na mwaka 1990. Linafunga njia za mitumbwi, linakata hewa ya samaki, na kadiri linavyovunwa ndivyo bora. Mafunjo ni wenyeji. Kinamasi cha Dunga ni mazalio ya samaki, ni chujio la maji yanayoingia ziwani, na ni makao ya ndege wasioishi popote nje ya mafunjo. Kwa hiyo gugu maji vuneni mtakavyo. Mafunjo yanunuliwe kwa wasusi wanaokata kwa zamu na kuacha sehemu ichipue, na kiasi chake kisizidi kile wanachosema wao kwamba kinamasi kinabeba.

Gugu maji nalo lina ugumu wake. Sehemu kubwa ni maji, karibu asilimia 95, hivyo kilo mia za gugu bichi zinawapa takriban kilo tano za nyuzi kavu. Isitoshe, linasukumwa na upepo: leo limefunika ufuo, wiki ijayo liko ng'ambo ya ghuba. Anayeahidi hoteli viti arobaini vya gugu maji bila akiba ghalani atavunja ahadi. Kikundi kikilipa wavunaji wa Dunga wakati gugu lipo, likaukie kwenye vichanja na kuhifadhiwa pakavu, kila mwanachama anaweza kuchukua oda kwa utulivu. Walipeni siku ya kupokea mzigo. Mwanamke aliyesimama majini tangu alfajiri hapaswi kusubiri hadi hoteli imlipe mbunifu.

Fedha za manunuzi haya zishikwe kwa ukali. Akaunti ya pamoja yenye watia saini watatu wa kazi tofauti. Kila mmoja analipa sehemu yake kabla oda haijatoka. Picha ya risiti inatumwa kikundini siku hiyohiyo. Msikopeshane malighafi. Urafiki mwingi wa biashara hapa kwetu umefia kwenye deni la robota moja.

Hatua ya tano: kubalianeni namna ya kuchora

Mabaki yaliyopimwa katika hatua ya pili yalianzia kwenye karatasi. Hivyo kikundi kiandike kanuni chache za uchoraji, ukurasa mmoja tu, na kila karakana iubandike ukutani.

Ubao wa plaiwudi una futi nane kwa nne, yaani sentimita 244 kwa 122. Rafu ya upana wa sentimita 40 inatoka mara tatu bila kubakisha ila nyembamba. Ukichora 45, unapata mbili na kipande kikubwa kisicho na kazi. Fundi mzoefu anajua hilo, lakini mchoraji aliyeko ofisini Milimani mara nyingi hajui, na mteja ameshaona picha. Vipimo vya kikundi vianzie kwenye ubao. Kwa kitambaa, mafundi wawili wenye oda za kitambaa kimoja walaze mifumo yao pamoja kabla ya kukata. Kola na mifuko ya shati la mmoja huingia katikati ya sketi za mwingine.

Halafu kuna suala la kurekebisha. Tumieni skrubu badala ya gundi mahali panapoweza kufunguliwa. Mito iwe na zipu. Sare ya mtoto iwe na pindo la kutosha kushushwa mwaka unaofuata, jambo ambalo mama zetu walilidai na mafundi wengi wameliacha. Bango lisilohitaji tarehe lisiandikwe tarehe. Na hili ningependa kuliona kuliko yote: mwanachama yeyote arekebishe kazi ya mwanachama mwingine. Mteja aliyenunua kochi Kondele akihamia Nakuru au Kakamega, apate mtu wa mtandao wenu huko mwenye mchoro na vipimo. Wekeni michoro ya msingi kwenye hifadhi moja ya mtandaoni, na muandike wazi kwamba mchoro ni wa aliyeubuni na ruhusa ni ya kurekebisha tu, si ya kunakili. Mbunifu mwenye umbo jipya analotaka kulilinda anaweza kulisajili KIPI, taasisi ya serikali inayosajili ubunifu wa viwandani. Ulinzi ni wa miaka mitano, unaoweza kuongezwa hadi kumi na mitano.

Hatua ya sita: semeni kwa mteja kwa sauti moja, isipokuwa kwenye bei

Kila kwotesheni ya kila mwanachama iwe na mistari mitatu ileile: malighafi imetoka wapi, marekebisho ya mwaka wa kwanza yanafanywaje, na kitu kikichoka kinarudishwa wapi. Mteja akivuka barabara anakuta mistari ileile. Baada ya muda ataanza kumuuliza asiye nayo.

Hapa kuna mpaka wa kisheria ambao kila kikundi kiujue. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza washindani kupanga bei pamoja, kugawana wateja au maeneo, na kukubaliana nani ashinde zabuni. Nia njema ya kulinda mazingira si kinga. Zungumzieni ubora, malighafi, usalama na taka. Mtu akisema "basi wote tuuze kochi shilingi kadhaa", mwenyekiti asimamishe mazungumzo na katibu aandike kwamba yamesimamishwa. Mkitaka zabuni kubwa ya serikali, ombeni kwa pamoja na kwa uwazi, mkiutaja ubia wenu kwenye karatasi. Wanachama walio vijana, wanawake au watu wenye ulemavu wajisajili na AGPO, mpango wa serikali wa kuwapa nafasi katika zabuni, maana asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa makundi hayo.

Na maneno yawe ya kweli. "Rafiki wa mazingira" haimwambii mteja chochote. "Mbao ya grevilea kutoka shamba la Vihiga, imekaushwa miezi saba, vishikio ni mabaki ya ngozi" inamwambia kila kitu, na anaweza kuthibitisha. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu sifa za bidhaa, na dai la kijani ni sifa.

Hatua ya saba: usajili

Msikimbilie. Fanyeni kazi nusu mwaka kwanza. Mkifika watu kumi mnaweza kusajiliwa kama kikundi cha jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, au kuwa chama cha ushirika ikiwa ununuzi wa pamoja umekuwa mkubwa. Ushirika una ukaguzi na taratibu zaidi, na kwa kikundi kinachoshika pesa za watu wengi hilo ni jema.

Hatua ya nane: vutieni wengine

Hatua hii ndiyo inayogusa tasnia nzima. Wanafunzi wa ubunifu na ufundi wa Kisumu National Polytechnic na wa Chuo Kikuu cha Maseno wanahitaji mahali pa mafunzo ya vitendo. Wapokeeni, mkiwapa daftari la mabaki kama kazi yao ya kwanza. Watakapofungua karakana zao watakuwa tayari wana mazoea hayo. Kaunti nayo ina wajibu: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kurejesha malighafi. Nendeni kwa afisa wa mazingira mkiwa na takwimu zenu za miezi kumi na mbili. Afisa husikia malalamiko kila siku; ni mara chache mtu humletea uzito wa taka kwa aina na mtaa, akimwonyesha kituo kijengwe wapi.

Unganikeni na kikundi kama chenu Nakuru au Eldoret. Malori mengi yanayoleta bidhaa Kisumu hurudi matupu au nusu, na gunia la nyuzi kavu za gugu maji si mzigo mzito.

Kila mwaka toeni hesabu hadharani, ukurasa mmoja: kilo zilizobadilishana mikono, kilo zilizokwenda jaani, mbao zenye kibali na zisizo nacho, viti vilivyorudishwa kurekebishwa. Namba mbaya zibaki humo. Mteja mkubwa, iwe hoteli au shirika, ataziamini namba nzuri kwa sababu ameziona mbaya.

Mwisho, andikeni tangu siku ya kwanza jinsi mtu anavyoingia na jinsi anavyotoka. Anayeingia apime mabaki yake mwezi mmoja kabla ya kuruhusiwa kununua nanyi. Anayetoka arudishiwe amana yake ndani ya siku thelathini baada ya kumaliza deni, aache nakala ya michoro ya bidhaa alizokwisha kuuza ili wateja wake wasikose marekebisho, na mbao zake zilizomo bandani ziuzwe kwanza kwa wanachama, kwa bei aliyonunulia pamoja na gharama ya kukausha.